Babu, timu yetu iitwe mji au bonde?

Babu, shikamoo.

Mimi ni katibu wa klabu ya soka iliyozaliwa kwa ndoa ya shida. Klabu mbili, moja ya mji mkubwa upande huu wa mto na nyingine ya mji mdogo ng'ambo, ziliungana misimu mitatu iliyopita kwa sababu zote zilikuwa zinakata roho. Ya mjini ilikuwa na hela kidogo lakini haina uwanja. Ya ng'ambo ilikuwa na uwanja lakini haina hata mipira ya mazoezi. Tangu siku hiyo tunacheza kwa jina la muda, majina ya miji yote miwili yameunganishwa kwa kistari, na sijaona mtu hata mmoja anayelipenda. Sasa tumepanda daraja, na ligi inataka jina moja la kudumu kabla usajili haujafungwa.

Kamati yetu ina watu 7. Watatu, akiwemo mwenyekiti, wanataka jina la mji mkubwa. Wanasema mji unajulikana, upo kwenye ramani, na wadhamini hawawezi kutoa hela kwa jina ambalo mtangazaji atalitafuta ulimini. Mwenyekiti anaongeza kwamba mambo yakienda vizuri baraza la mji litatupa kiwanja cha kujenga uwanja wetu. Watatu wengine wanataka jina la eneo. Lakini hata wao hawajaelewana vizuri: mmoja anataka jina la mkoa kama lilivyo kwenye karatasi za serikali, wawili wanataka jina la bonde, yaani mto na vijiji vyote vinavyoufuata. Mmoja wa hao wawili ndiye mzee aliyetunza uwanja wa ng'ambo tangu mimi mtoto. Kwenye kikao alisema neno moja tu: "Sikufyeka majani miaka yote hii ili nifyekee mji wa wenzangu." Akakaa.

Wa saba ni mimi.

Mimi nimezaliwa ng'ambo, lakini nimeoa na ninaishi mjini. Mwenyekiti ndiye aliyenipa kazi yangu ya kwanza, na mpaka leo nikikwama ndiye ninayempigia simu. Anajua kura yangu ndiyo itakayoamua. Hajaniambia nipige vipi, ila kila tukionana ananiuliza, "Nyumbani hawajambo?" kwa namna ambayo hakuwa akiuliza zamani.

Wiki iliyopita mjumbe mmoja alikuja na suluhisho: tuyaweke majina yote, mji mkubwa, mji mdogo na bonde, kila mtu ajione. Fundi akatutengenezea jezi ya sampuli na mimi ndiye niliyeijaribu. Babu, maandishi yalianzia kwapa moja yakaishia kwapa jingine, na herufi mbili za mwisho zilionekana tu nikiinua mkono. Tulicheka wote, hata wale ambao walikuwa hawasemeshani. Kisha tukarudi kununiana.

Kuna jambo jingine, sijui kama lina maana. Nyumbani ngoma zetu hukaa majukwaa mawili, za mjini huku na za ng'ambo kule, na zinashindana zenyewe kuliko zinavyoisaidia timu. Ugenini zinapigwa pamoja, maana basi letu ni moja. Siku ya mechi ya kupanda daraja wenyeji walituzomea, "Washamba wa bondeni!" Vijana wetu wakalidaka wakaligeuza wimbo, "Bondeni! Bondeni!" mpaka kipenga cha mwisho. Hata mwenyekiti aliimba. Nilimwona.

Sasa niambie, timu ichukue jina la mji au la eneo? Na nikipiga kura kinyume cha mwenyekiti, nitamtazamaje usoni?

Katibu wa Katikati

*

Marahaba, mjukuu wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwenda moja kwa moja kwenye ile jezi. Usiitupe. Nitakwambia baadaye uipeleke wapi.

Mnaoicheka jezi hiyo hamjui kwamba kuna waliowahi kuivaa kwa dhati. Kule California ipo klabu ya besiboli iitwayo Angels. Mwaka 1961 ilianza kwa jina la Los Angeles. Mwaka 1965 ikajiita California, jina la jimbo zima, na mwaka uliofuata ikahamia mji jirani wa Anaheim. Mwaka 1997 ikawa Anaheim. Mwaka 2005 mwenye timu akalitamani tena soko la Los Angeles, lakini mkataba wake wa uwanja ulisema neno Anaheim lazima liwemo kwenye jina. Akafanya nini? Akaiita Los Angeles Angels of Anaheim. Na kwa kuwa "los ángeles" kwa Kihispania ni malaika, hapo ni kama kusema Malaika wa Malaika wa Anaheim. Mji wa Anaheim ulikwenda mahakamani, na mwaka 2006 ukashindwa, kwa sababu neno lao kweli lilikuwemo, hata kama lilikuwa limetupwa mwisho kabisa. Kwapani, ungesema wewe.

Kwa hiyo hilo la kuweka yote liondoeni mezani. Jina la timu kwanza ni kitu cha kupigiwa kelele na watu elfu moja waliochoka, dakika ya 88, timu iko nyuma kwa bao moja. Lisipoingia ndani ya pumzi moja, mashabiki watalikata wenyewe, na watakalolikata ni la ng'ambo.

Tuje kwenye mji na eneo. Kisa chenu si kigeni hata kidogo. Mwaka huohuo wa 1961, klabu nyingine ya besiboli ilihama Washington ikaenda Minnesota, palipo na miji miwili, Minneapolis na Saint Paul, iliyopakana kwenye mto Mississippi na yenye wivu wa miaka mingi. Ukichukua jina la mmoja umemfukuza mwingine. Wakachukua jina la jimbo, Minnesota, wakaongeza Twins, yaani mapacha. Kwenye kofia hawakuweka herufi M, kwa sababu M ingesomeka Minneapolis na watu wa Saint Paul wangenuna. Waliweka TC, ufupisho wa "miji pacha" kwa Kiingereza. Na nembo yao ilichorwa wachezaji wawili wanapeana mikono juu ya mto. Mjukuu wangu, mto wao na mto wenu sijui upi mpana, lakini mikono hiyo naiona hadi huku.

Kwenye soka nenda Denmark. Miji ya Ikast na Herning ilikuwa na klabu mbili, watani wa jadi, kila moja ikiishi kwa kumnyima mwenzake usingizi. Mwaka 1999 wakaziunganisha. Wangeiita Herning, nusu ya Ikast wangebaki nyumbani. Wangeiita Ikast, ndiyo usiseme. Wakaiita Midtjylland, maana yake Jutland ya Kati, eneo lote linalowazunguka. Mwaka 2015 ikatwaa ubingwa wa nchi kwa mara ya kwanza. Sisemi jina ndilo lililofunga mabao. Nasema halikumzuia mtu yeyote kuingia uwanjani.

Umeshaona ninakoelekea. Lakini usikimbilie, maana jina la eneo lina mitego yake, na yule mjumbe wako anayetaka jina la mkoa ameshatia mguu kwenye mmoja.

Si kila eneo ni jina. Kuna maeneo ambayo watu wanajiita, na kuna maeneo ambayo watu wameitwa tu. Mkoa ni mstari uliochorwa na mtu aliyekaa ofisini na rula. Kesho anakuja mwingine na rula yake, anaugawa, na jezi zenu zinabaki na jina la mahali ambapo hapapo tena. Kipimo changu ni rahisi: mtu wenu akiwa mbali, akiulizwa "wewe wa wapi?", anajibu nini kabla hajafikiri? Akitaja mji wake, basi huo ndio moyo wake. Akisema mimi wa bondeni, basi bonde ni kwao. Sijawahi kukutana na mtu aliyeulizwa hivyo akataja mkoa kwa sauti ya kujivuna, ila maafisa.

Mtego wa pili ni kwamba jina la mji mtakaloliacha halitakaa bila mwenyewe. Mwaka 1900 vijana fulani wa mjini Roma walianzisha klabu, wakaipa jina la eneo zima linaloizunguka Roma, yaani Lazio. Jina zuri, pana, lenye heshima. Miaka 27 baadaye klabu nyingine tatu za mji huohuo zikaungana, zikachukua jina la mji wenyewe na rangi zake. Ndiyo AS Roma. Mpaka leo mashabiki wa Lazio watakueleza, utake usitake, kwamba wao ndio walioanza, na wako sahihi. Lakini wenzao wana neno Roma kifuani. Kwa hiyo mwambie mwenyekiti hofu yake si ya kijinga: mkiwa bonde, ipo siku vijana wa mjini wanaweza kuanzisha timu yao na kuipa jina mlilolidharau. Je, mko tayari kukutana nao? Mimi ningekuwa tayari. Hiyo ndiyo mechi ambayo tiketi zake zinakwisha mapema.

Hili la wadhamini nitalipita haraka, kwa kuwa nimelisikia kwenye kila kamati niliyowahi kukaa, na aliyelisema hajawahi kumleta mdhamini mwenyewe. Golden State Warriors ni timu gani ya wapi? Tafuta mji wa Golden State kwenye ramani mpaka macho yakuume, hutaupata. Ni jina la utani la jimbo la California. Timu hiyo ya kikapu ilianzia Philadelphia, ikahamia San Francisco mwaka 1962, na mwaka 1971 ikavuka ghuba kwenda Oakland ikabadili jina ili isimilikiwe na upande mmoja. Mwaka 2019 ikavuka tena kurudi San Francisco, na safari hii haikuhitaji kugusa hata herufi moja. Ubingwa wa 2015, 2017 na 2018 ilichukua ikiwa Oakland, wa 2022 ikiwa San Francisco, jina lilelile. Jina la eneo linakuvusha mto bila kukuvua jezi. Na upande wa pili, ukidhani jina dogo haliwezi kufika mbali, Hoffenheim ni kijiji cha watu wapatao 3,000 nchini Ujerumani, na tangu 2008 kinatajwa kwenye ligi kuu ya huko sawa na Munich. Mtangazaji analitafuta ulimini wiki ya kwanza. Wiki ya kumi amelizoea.

Penye uzito hasa ni hiki kiwanja cha baraza la mji. Hapa simcheki mwenyekiti. Timu ya besiboli ya Miami iliitwa Florida Marlins tangu ilipoanza kucheza mwaka 1993, jina la jimbo zima. Mwaka 2012 ilipoingia uwanja mpya ikawa Miami Marlins, kwa sababu walioweka fedha za umma kwenye uwanja huo walitaka jina lao liwepo, na likaandikwa kwenye makubaliano. Hiyo ni biashara ya haki: nimejenga, niite. Kama baraza la mji wenu lingeleta hati ya ardhi leo, na ramani, na sahihi, ningekwambia tuanze mazungumzo upya na mzee wa kufyeka majani akae kiti cha mbele. Lakini wewe umeandika "mambo yakienda vizuri". Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa na meno yote. Leo hii mnacheza wapi? Ng'ambo. Nyasi za nani? Za yule mzee. Mnataka kumvika mji fulana ambayo haijalipia, huku aliyelipa amesimama pembeni ameshika fyekeo.

Na hapo ndipo unipe nafasi nikukumbushe barua yako mwenyewe. Uliandika kurasa mbili za mabishano, kisha mwishoni, kama mtu aliyesahau kufunga mlango, ukasema kuna jambo hujui kama lina maana. Vijana walizomewa, wakalichukua lile la kuzomewa, wakaliimba mpaka kipenga cha mwisho. Hakuna kamati iliyowafundisha. Hakuna aliyeuliza yupi wa upande upi wa mto. Na aliyekupa kazi yako ya kwanza, kiongozi wa wanaotaka mji, alikuwa anaimba nao. Jina mnalo tayari. Mnachotafuta ni ruhusa.

Kwa hiyo jibu langu ni bonde. Si mkoa, si mji, wala si kistari.

Ila sikupi hivihivi. Timu ikichukua jina la mji, imewaahidi watu wa mji mmoja. Ikichukua jina la bonde, imewaahidi hata yule wa kijiji cha mwisho kule mto unakoanzia, ambaye hajawahi kuwaona mkicheza. Mmewahi kwenda huko? Basi la mashabiki linapita huko au linaanzia mjini tu? Kama jina ni la bonde lakini mazoezi, mikutano, majaribio ya vijana na kila kikao ni mjini, basi mmeuficha mji ndani ya koti la bonde, na watu wa vijijini si wajinga, watalinusa mapema. Mwaka wa kwanza nendeni mkacheze mechi za kirafiki juu ya bonde na chini ya bonde. Fanyeni mkutano mkuu upande mmoja mwaka huu na upande wa pili mwaka ujao. Na hizo ngoma zenu za nyumbani, kabla hamjachora nembo, zihamishiwe jukwaa moja. Zitapigana mechi mbili tatu. Ziacheni zipigane, zitachoka.

Halafu wewe ni katibu, na hii ni kazi yako, si ya mwenyekiti. Jina lisajiliwe kwa klabu yenyewe, lisisajiliwe kwa mtu. Kwenye katiba ya klabu muandike kwamba jina, rangi na nembo havibadilishwi ila kwa kura za theluthi mbili ya wanachama. Unaweza kuona nazidisha. Lakini mwenye Hull City ya Uingereza alitaka kuiita Hull Tigers, akaona jina la chui milia litauzika zaidi ng'ambo ya bahari. Mashabiki wakapambana, na mwaka 2014 chama cha soka cha nchi kikalikataa ombi lake. Wao waliokolewa na chama. Nyinyi msisubiri kuokolewa, andikeni mapema, wakati bado hakuna tajiri aliyewabishia hodi.

Sasa mwenyekiti. Hapa ndipo niliposoma taratibu, maana swali lako la kwanza ungeweza kulijibu mwenyewe. La pili ndilo lililokufanya uandike.

Usimpigie kura ya siri kinyume chake halafu ukae unaangalia meza. Watu 7, kura tatu kwa tatu, siri iko wapi? Nenda kwake kabla ya kikao, si kwa simu, na usiende na mtu. Mwambie kura yako mapema, kabla hajauliza kama nyumbani hawajambo. Usimlundikie Denmark na Minnesota, hayo nimekupa uyajue tu wewe. Mwambie ulimwona siku ile ugenini, na alichokuwa akiimba. Halafu nyamaza. Huenda akakasirika. Aliyekupa kazi hakununua kura yako, na kama ni mtu ninayemdhania kutokana na barua yako, analijua hilo vizuri, ndiyo maana hajakwambia upige vipi.

Na umwachie kitu cha kushika. Mtu aliyeshindwa hadharani anahitaji jambo la kwenda kusimulia kwake. Rangi za klabu ya mjini ziwe ndizo jezi za nyumbani, kwa mfano. Au yeye ndiye atangaze jina jipya, akiwa uwanjani ng'ambo, na mzee wa majani asimame kushoto kwake. Akisema yeye, watu wa mjini watalimeza kirahisi kuliko likisemwa na mzaliwa wa ng'ambo.

Kisha mpe ile jezi ya sampuli, aitundike ofisini ukutani. Mgeni akija na pendekezo jipya la jina, mwenyekiti amwombe aivae kwanza na ainue mkono.